Mwanajuma auonja mto, fundi wake amwita mzembe

Saa mbili asubuhi, Mwanajuma Badru amesimama ndani ya tope la mto lililomfika magotini, dumu tupu begani. Hachoti. Anachovya kidole majini, anakilamba, anatema.

"Bado," anasema. "Haya chumvi tupu. Maji ya kuoshea mashine mpaka saa sita huko, yakishapwa."

Nyuma yake, kwenye kibanda cha mabati, Fundi Saadi anamwita kwa mara ya tatu. Mwanajuma hageuki. Anapanda ukingoni, analilaza dumu, analikalia. Gerejini kuna mashine saba za boti zinazongoja maji, na zitangoja.

Mwanajuma ana miaka ishirini na mitatu. Anasomea ufundi mitambo, na chuo chake kimemleta hapa kwa mafunzo kazini, kwenye gereji iliyo kando ya mkono mmoja wa Mto Rufiji, mwendo wa saa mbili kwa bodaboda kutoka Kibiti mjini. Amekaa miezi kumi na saba. Kila wiki fundi wake anatakiwa kutia saini kwenye kitabu cha mafunzo, na kitabu kisipokamilika, mtihani wa Novemba hafanyi.

Amebakiza wiki tatu. Lakini ukurasa wa mwisho ulioandikwa hauna saini. Una maneno matatu kwa wino mwekundu: "Mzembe. Ameua mashine."

Mashine yenyewe ni ya Bi Mwanaidi, mfanyabiashara wa mchele mwenye boti ya abiria. Mwishoni mwa Agosti ilizima mdomoni mwa mto ikiwa na watu kumi na mmoja. Walielea kuanzia adhuhuri hadi alasiri, wakichota maji botini kwa sufuria ya abiria mmoja, mpaka wavuvi wakawavuta. Hakufa mtu. Mashine ndiyo iliyokufa: ilichemka, ikanoki, pistoni zikaganda ndani ya silinda.

Kila mwenye boti anajua kwamba mashine ikitoka baharini huoshwa. Mguu wake hutumbukizwa kwenye nusu pipa la maji yasiyo na chumvi, ikawashwa, ikanguruma dakika kumi mpaka chumvi itoke kwenye njia za ndani za maji ya kuipoza. Fundi Saadi alijifunzia kazi hiyo Dar es Salaam, kwenye maji ya bomba. Huku bomba hakuna. Pipa linajazwa mtoni, na mto wa delta haukai hali moja. Maji yakijaa, bahari inapanda nayo. Yakipwa, yanashuka matamu kutoka bara. Kiangazi, siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, chumvi inapanda mbali zaidi.

Jambo hilo halimo kwenye kitabu cha mashine. Lakini hakuna mwanamke wa delta asiyelijua, maana ndiyo maji ya kupikia.

"Mie nimezaliwa kisiwani huko chini," anasema Mwanajuma. "Mama akinituma mtoni ananiambia, onja kwanza, usije ukaniharibia ubwabwa. Nina miaka sita najua bamvua, najua maji mafu yasiyojaa sana. Nimekuja huku naambiwa sijui maji."

Siku aliyoiosha mashine ya Bi Mwanaidi anaikumbuka vizuri. Ilikuwa bamvua, maji yamejaa hadi kwenye mizizi ya mikoko. Alionja, akarudi gerejini na dumu tupu.

"Nikamwambia, fundi, maji yana chumvi, tusubiri yapwe. Akacheka mbele ya wateja. Akasema, mto ni mto, chumvi iko baharini. Nikarudia. Akaniambia mteja hasubiri maji, chota."

Akachota, madumu kumi na mawili. Akaiosha mashine kwa chumvi, kama alivyokwisha kuosha nyingine tangu Juni kwa amri hiyo hiyo.

Anaitazama mikono yake, yenye weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni. "Hilo ndilo linaloniuma. Najua kosa ni lake. Lakini aliyemimina ni mie. Wale watu kumi na mmoja, mmoja ana mimba ya miezi saba. Wangekwenda na bahari, ningemwambia nani kwamba nilitumwa?"

Sauti yake haipandi. Ni hasira iliyokaa siku nyingi hadi imezoea nyumba.

Na ana haki nayo. Katika miezi kumi na saba hiyo, minne ya kwanza hakushikishwa spana. Alichemsha chai, alifagia, alikwenda kununua vitumbua. Wanafunzi wawili wa kiume walioanza baada yake walifungua kabureta wiki ya kwanza, na vitabu vyao vimejaa saini. Posho yake ni shilingi elfu tatu kwa siku, ya kula. Ada ya chuo imetoka kwenye shamba la mpunga la mama yake, Bi Rukaya, shamba ambalo mwaka juzi liliingiliwa na maji chumvi na kutoa magunia mawili tu. Hayo mawili ndiyo yaliyouzwa. Nyumbani walikula muhogo.

Fundi Saadi, mwanamume wa miaka hamsini mwenye maneno ya upole, anamkaribisha mwandishi kwa kiti na soda. Anakubali kwamba tangu Juni mashine nne zimemfia. Anapoulizwa kuhusu maji, upole unapungua.

"Fundi haambiwi na mwanafunzi wake aonje maji. Mimi si mpishi," anasema. "Huyu binti ana mdomo. Akiniomba radhi mbele ya wenzake, nitasaini. Nimeshamwambia, usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

Kitabu chenyewe amekifungia kwenye sanduku lake la vifaa. Ufunguo ameuning'iniza shingoni.

Kwa hiyo radhi ndiyo bei ya saini. Mwanajuma aseme mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyekosa, kisha aende zake kufanya mtihani. Wengi wamemshauri hivyo, pamoja na mama yake, aliyempigia simu wiki iliyopita. Meza tu mwanangu, alimwambia, maneno hayavunji mfupa.

"Nikamuuliza, mama, ungekubali kusema shamba limeingia chumvi kwa sababu wewe ni mvivu? Akasema, haya, usimeze."

Siku ya pili yake Mwanajuma alikwenda kwa Bi Mwanaidi, akamweleza yote, pamoja na madumu kumi na mawili. Alitegemea kufukuzwa. Mwanamama huyo alimsikiliza mpaka mwisho, akampeleka uani kwenye mashine iliyokufa.

"Nilimwambia fungua, tuone," anasimulia Bi Mwanaidi. "Kakaa na spana zake saa nzima. Alipoutoa ule mfuniko wa silinda, njia za maji zimeziba, nyeupe pe. Nikakwangua kwa kucha, nikatia ulimini. Chumvi. Nami nilikuwa nimeshamlaani mtoto wa watu."

Alimpa mfuniko huo auchukue. Mashine iliyobaki, anasema, kwake ni nanga tu.

Saa sita na robo maji yamepwa. Mwanajuma anashuka tena topeni, anachovya kidole, analamba. Safari hii hatemi. Anajaza dumu, anajitwisha, anapanda. Fundi Saadi anampisha njia. Bi Mwanaidi amekwisha kuwaambia wenye boti wenzake, nao tangu Jumatatu, kabla ya kuacha mashine zao, wanauliza kwanza kama yule binti yupo.

Lakini kitabu bado kimefungiwa, na Novemba haimsubiri mtu. Kesho Mwanajuma anapanda bodaboda kwenda chuoni. Mzigo ameshauandaa: kiroba kitupu cha unga, na ndani yake mfuniko wa silinda, haujasafishwa, umefungwa kwa kanga ya mama yake ili ule weupe usipukutike njiani.

"Kitabu kikae kwake," anasema, akiliinamisha dumu pipani. "Mie nautua huu juu ya meza ya mkuu wa chuo. Asiyeamini, alambe."