Saa Iliyolala Dakika Hamsini

Katika mwaka wangu wa pili kisiwani Mafia, mama mmoja kutoka Bweni alifariki kwenye kituo cha afya nilichokuwa nikifanyia kazi, na mkunga aliyemhudumia akasimamishwa kazi kwa kosa langu.

Mimi ndiye niliyekuwa nikishughulikia kompyuta. Nilikuja kutoka Njombe bila kumjua mtu yeyote, na mkunga huyo ndiye aliyenitafutia chumba cha kupanga. Alikuwa mzaliwa wa Bweni, mtu mzima, amebakiza muda mfupi kustaafu. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akishajibu marahaba huniuliza nimekula nini, na jibu langu lisipomridhisha hunikatia kipande cha muhogo wake.

Kituo kilikuwa na kompyuta kubwa moja, tuliyoiita seva, katika chumba kilichokuwa stoo ya magodoro. Ndani yake nilitengeneza mashine pepe mbili, yaani kompyuta zisizo na umbo la kushikika, zinazoishi ndani ya ile moja ya kweli, kila moja ikifanya kazi kana kwamba iko peke yake. Moja ilitunza kumbukumbu za wagonjwa, nyingine ilikuwa ya maabara na damu. Kila moja ilikuwa na saa yake. Kwa kawaida mashine pepe huiuliza seva ni saa ngapi, na hivyo zote huenda pamoja.

Miezi kadhaa kabla ya kifo hicho, betri ndogo ya seva, ile ya mviringo kama kifungo cha koti, iliisha nguvu. Umeme ukikatika, seva iliamka ikidhani tuko miaka mingi nyuma, na mashine ya kumbukumbu ikaifuata. Watoto wakaandikwa kuwa wamechanjwa kabla mama zao hawajaolewa. Nikaiambia mashine ile isiiulize tena seva, ichukue saa mtandaoni. Betri mpya ilipofika kwa boti niliibadilisha, saa ya seva ikatengemaa. Kurudisha mambo yalivyokuwa nilisahau. Sina sababu nyingine ya kutoa.

Siku hiyo umeme ulikatika saa sita mchana. Nilikuwa nimeipanga seva, kwa nguvu ya betri yake ya akiba, izilaze mashine zote mbili mara umeme unapokatika, kisha ijizime. Jenereta likagoma kuwaka. Umeme uliporudi zilikuwa zimepita dakika hamsini. Mashine ya maabara iliamka vibaya, ikabidi niizime kabisa na kuiwasha upya, na ilipowaka ikasoma saa sahihi ya seva. Ya kumbukumbu iliamka bila shida, kwa hiyo sikuigusa. Saa yake iliendelea kuhesabu kutoka pale ilipolalia, kana kwamba zile dakika hamsini hazikuwahi kuwapo.

Mgonjwa alifikishwa saa nane kasoro dakika kumi, amelazwa nyuma ya pikapu. Alikuwa amejifungulia nyumbani alfajiri, na damu haikukatika. Daktari aliagiza aongezewe damu saa nane kamili. Nilimwona mkunga akipita mbele ya dirisha langu, karibu akikimbia, ameshika kichupa cha damu ya kupimwa. Kwenye jokofu kulikuwa na chupa moja tu ya kundi la damu la mgonjwa. Alifariki kabla ya adhana ya alasiri.

Siku ya tatu mganga mfawidhi aliita kikao na kunitaka nichapishe kumbukumbu. Karatasi ilisema mgonjwa amepokelewa saa saba, damu imeagizwa saa saba na dakika kumi, na maabara imepokea kichupa saa nane na dakika tano. Daktari aliyeagiza damu alisema hakuangalia saa.

"Mama," mfawidhi alimuuliza mkunga, "dakika hamsini na tano ulikuwa wapi?"

"Sikuwa popote. Nilipoambiwa, nilikwenda."

Mfawidhi akanigeukia. "Kompyuta inaweza kukosea saa?"

"Hapana, daktari. Zinachukua saa mtandaoni."

Nilijibu upesi, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Mkunga alinitazama bila hasira, kisha akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu.

"Basi labda nimesahau kitu," alisema. "Lakini mimi najua nilikimbia."

Alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo.

Mchana ule nilifungua mashine ya kumbukumbu. Bado ilikuwa nyuma kwa dakika hamsini. Watu wote walitazama saa kwenye simu zao, hakuna aliyetazama pembe ya kompyuta. Programu ya kuuliza saa mtandaoni ilikuwa imekuta tofauti kubwa mno, ikaona haiwezi kuwa kweli, ikajifunga. Ilikuwa imeyaandika hayo yote mahali ambapo kazi yangu ilikuwa kusoma kila siku. Nilikwenda getini nikaomba daftari la mlinzi. Gari la Bweni lilikuwa limeandikwa: saa nane kasoro dakika kumi.

Nilirekebisha saa, nikarudi nyumbani. Kwa siku nne sikumwambia mtu. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha, nami nilijidanganya kwamba bado nachunguza. Siku ya tano mfanyausafi aliniambia, huku akipiga deki, kwamba mkunga amezuiwa kuingia kwenye hitima ya marehemu. Marehemu alikuwa mtoto wa binamu yake. Walimwambia mlangoni arudi kwake, yeye ndiye aliyemwacha mtoto wao avuje damu.

Nilikwenda kwa mfawidhi nikamweleza.

"Umejua lini?" aliuliza.

"Siku ile ile ya kikao."

"Yaandike yote. Na hilo pia uliandike."

Nilipewa barua ya onyo. Mkunga aliandikiwa barua ya kumsafisha na kumtaka arejee kazini. Niliomba niipeleke mwenyewe.

Bodaboda ilinichukua saa nyingi kufika Bweni, na mara kadhaa ilibidi nishuke nitembee kwa ubovu wa njia. Nilimkuta kwao, alikorudi baada ya kusimamishwa, amekaa barazani akisuka ukili wa mkeka. Aliitikia shikamoo yangu, akaisoma barua mara mbili.

"Siku nne," alisema.

"Ndiyo, mama. Nilikuwa naogopa. Nisamehe."

Alikunja barua. "Mimi nimeisoma. Wao nani atawasomea?"

Tukaenda nyumbani kwa mume wa marehemu, mimi nyuma yake. Alikuwa mwanamume kijana, amekaa kwenye mkeka, dada yake akimlisha kichanga maziwa kwa kijiko. Nilisoma barua, kisha nikamweleza kwa maneno yangu: kompyuta ndiyo iliyokosea, kosa ni la kwangu, mkunga hakuchelewa.

"Kwa hiyo damu iliwahi?" aliuliza.

"Iliwahi, kaka. Ndani ya dakika tano tu kichupa kilikuwa kimefika maabara."

Kichanga kilikuwa kimepaliwa, dada yake akakigongagonga mgongoni.

"Ilikuwa rahisi kwangu nilipodhani kuna mtu aliyemchelewesha," mume alisema. "Asubuhi ile shangazi alitaka tuondoke mapema. Mimi ndiye niliyesema tungoje kwanza, huenda damu itakatika yenyewe. Tulingoja mpaka jua likawa kali."

Alimwomba mkunga radhi, akimwita mama mkubwa. Mkunga alimshika mkono akasema yamekwisha. Sidhani kama yalikuwa yamekwisha kwa yeyote kati yetu watatu.

Tuliporudi barazani kwake alinipa chai, nami nilikunywa kwa sababu sikuthubutu kukataa. Nilimuuliza atarudi lini kazini.

"Sirudi, mwanangu."

"Lakini barua imekusafisha."

"Barua nimeiona. Pale kwenye kikao, uliposema kompyuta haikosei, nilikuamini. Siku zile zote nilikaa hapa nikijiuliza nilisimama wapi, nilizungumza na nani, mpaka nikaanza kukumbuka vitu ambavyo sikuvifanya. Niliona kabisa nimekaa kwenye benchi, nimepumzika, na mtoto wa binamu yangu anakufa." Alichukua ukili wake. "Sasa unaniambia haikuwa hivyo. Lakini lile benchi bado naliona."