Figo Iliyobaki Nzima

Mpaka leo nikiosha vyombo naona mikono ya kaka yangu majini badala ya yangu. Naitoa haraka, naifuta, naikagua kutoka vidoleni hadi kwenye viwiko. Hakuna kitu. Bado siamini.

Figo zake zilipokufa, nilimpa moja yangu. Akapata nguvu, akarudi Wang'uru kuuza mchele, kichwa wazi juani kutwa nzima, akipigia wateja kelele. Dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo alizimeza bila kukosa. Miaka ikapita, chunjua zikamwota mikononi na masikioni. Kwetu Gatitu chunjua si ugonjwa. Mama alivunja kijiti cha kariaria kwenye ua wa boma, akazipaka yale maziwa makali ya mti huo, kama alivyotufanyia utotoni. Zikakauka. Tukamcheka kaka, ati ameota mahindi. Moja ya sikioni ikarudi. Mama akaipaka tena, ikafunga juu huku chini ikiendelea kumla. Ilipoanza kuchafua mto kwa damu ndipo tukampeleka hospitali, nasi tukaambiwa ni saratani.

Daktari alitueleza polepole. Virusi vya jamii ya vile vinavyoleta chunjua viko kwenye ngozi ya karibu kila mtu, hata yangu, ila kinga ya mwili huvituliza. Dawa za figo zilikuwa zimeilaza kinga ya kaka, virusi vikapata nafasi. Seli zikiunguzwa na jua hujirekebisha au hufa. Huenda virusi vilizizuia, zikabaki hai na ubovu wake. Wataalamu bado wanabishana kuhusu hilo, alisema, lakini jambo moja halikuwa na ubishi kwake: dawa zipunguzwe, hata kama figo itakufa. Kuna mashine ya kusafisha damu.

Kaka alikataa katakata.

"Hii figo ni ya dadangu. Siwezi kuiua."

"Wacha ujinga!" nilimfokea mbele ya daktari. "Nilikupa ndio uishi, si ati uichunge kama mbuzi wa mahari!"

"Ulikatwa tumbo juu yangu, na uko na moja tu imebaki. Hii nikiipoteza, nitakuangalia aje?"

Mama alianza kulia. Mimi nilikuwa na hasira hata machozi yakakataa kutoka. Nilimsihi wiki baada ya wiki, nikamtumia pasta, nikamnunia. Wapi! Alikatwa sikio, akaendelea kumeza dawa zilezile, na ugonjwa ukateremka shingoni. Nilimpenda, na kuna siku nilimchukia kwa heshima yake hiyo.

Tulipoenda kuchukua mwili, daktari alinishika bega. Alidhani ananifariji. Akaniambia figo ilifanya kazi vizuri hadi asubuhi ile ya mwisho. Ngai! Nilitaka kumpiga. Tulimzika kaka nyumbani, na figo yangu ndani yake ikiwa nzima kabisa.