Lulu Mbili za Reale ya Saba

Juzi nilikuwa nikisugua sinia ya fedha kwa ukwaju na majivu. Harufu ile ya uchachu ikanipanda puani, nikajiona nina miaka kumi, nimechutama uani kwetu Maskati, nang'arisha reale ya kwanza niliyoinunua kwa pesa yangu. Mjukuu wangu akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia ni mambo ya zamani, akarudi kwenye simu yake. Basi nakusimulieni nyinyi.

Mimi na Mama tulitoka Unguja miaka michache kabla ya sabini. Baba alikuwa ameshafariki. Mali yetu ilikuwa sanduku moja, na shingoni mwa Mama, chini ya kanga, mkufu wa reale saba aliourithi kwa bibi yake. Nyinyi mliozaliwa na noti hamzijui: sarafu kubwa za fedha, nzito, zenye sura ya bibi wa Kizungu aliyenenepa vizuri. Hatukumaliza miezi miwili Maskati, Mama akaupeleka mkufu kwa sonara, akarudi na cherehani. Hakulia. Lakini kila akishona, mkono wake ulipanda kifuani ukatafuta kitu, usikione, ukashuka. Nilikuwa siwezi kuutazama mkono ule. Nikaapa kimoyomoyo kuzirudisha reale zote saba.

Sonara alikuwa Mzee Khalfani. Ujanani alichuma karafuu Pemba, na Kiswahili hakikumtoka. Aliniambia mkufu ameshaufungua, reale zimo mkebeni pamoja na nyingine, na hataziyeyusha mpaka Idi ipite. Baada ya hapo ni harusi, zote zitakuwa bangili.

"Lete pesa yako kidogo kidogo," alisema. "Za mamako nnazijua, ntakutolea moja moja."

Pesa yenyewe ilikuwa ya kuokoteza. Nilikaanga visheti nikawauzia majirani, na Mama akidhani naweka ya nguo ya sikukuu. Ubahili wangu ulikuwa kituko. Wenzangu wakinunua halwa, mimi nilijitolea kuwashikia sahani, kisha nikalamba vidole. Ami yangu, ndugu wa Baba, ndiye aliyenifunza kuikagua reale: mtazame bibi begani, ana pambo lenye lulu, zihesabu kwa ukucha. Zikitimia tisa, chukua. Zikipungua, umepunjwa. Wafanyabiashara wazima walihesabu hivyo, nami nikajiona mmoja wao.

Siku tatu kabla ya Idi nilikuwa nazo sita, zote za lulu tisa, nimezifukia ndani ya gunia la mchele. Nikaenda kuchukua ya saba. Mzee Khalfani akaitoa mkebeni, nikaitia ukucha. Lulu saba. Nikahesabu tena. Saba. Bega la bibi lilikuwa limelainika kama sabuni iliyotumika. Duka limejaa wanawake wanaopimiwa bangili, na mimi sauti sikuipunguza.

"Babu, hii siyo ya Mama. Umeibadilisha."

Wanawake wakanigeukia. Mzee akanitazama, wala hakukasirika. "Basi iache," alisema, akaiweka upande wa fedha nyingine ya kuyeyushwa siku ile ile. Nikatoka kichwa juu.

Nyumbani nikammiminia Mama reale sita mapajani. Akazishika moja moja, kisha akauliza ya saba iko wapi. Nikamhadithia kwa majivuno jinsi nilivyomnasa mwizi. Mama akasimama, hata uzi wa cherehani hakuukata.

"Imelika begani?"

"Naam, Mama."

"Hiyo ndo yangu, mwanangu. Hizi sita mtu angenibadilishia nisijue. Ile naijua hata kwa kuipapasa."

Tulikwenda sokoni Mama akitangulia, buibui linapepea, mimi nikimfuata na pesa yangu kwenye kopo. Tulipofika mkaa ulikuwa mwekundu na chungu cha kuyeyushia kiko motoni. Nilijua nimeipoteza, na nimeipoteza kwa ujuaji wangu. Mzee Khalfani akatuacha tukichungulie chungu mpaka akaridhika, ndipo akafungua pembe ya kilemba chake. Reale ilikuwa imefundikwa mle.

"Nlijua mtarudi," alimwambia Mama. "Lakini bintiyo huyu! Miaka yote hii hajatokea mtu wa kunihesabia lulu mbele za wateja."

Nikambusu mkono, nikamwomba radhi, sauti safari hii haisikiki. Alipokea pesa yangu, akaihesabu, kisha akanirudishia baisa mbili, visarafu vidogo vya kule. "Fidia," alisema, uso mkavu. "Moja kwa kila lulu uliyopunjwa."

Siku ya Idi Mama alivaa reale saba, ile iliyolika katikati. Mkono ulipanda kifuani ukaikuta.

Miaka ikapita, Mzee Khalfani akafariki, nami nikajifungua mtoto wangu wa kwanza. Mama akanivisha mkufu. Nilipokuwa nanyonyesha, kile kitoto kikaziacha reale sita, kikaikamata ya katikati, kikaivuta mdomoni na kuanza kuitafuna kwa ufizi, upande wa bega, huku macho yameniganda.

"Mwache," Mama alisema, anacheka. "Nawe ulikuwa hivyo hivyo, na vimeno vyako vya mwanzo vilikuwa vikali."

Lulu zile nilizila mwenyewe, na mzee wa watu nikamwita mwizi, akanilipa fidia.