Landilodi na Tundu la Risasi

Leo landilodi ameniita muuaji mbele ya majirani wote.

Mnajua nasomea unesi. Nimerudi hapa Kyebando, Kampala, na fuvu la plastiki la kujisomea, kaveera, ule mfuko wa plastiki, ikapasuka getini, fuvu likabingirika hadi miguuni pake.

Akaligeuza. Akaona lile tundu kubwa la chini.

"Banange! Risasi iripita hapa! Huyu Mkenya ameua mtu! Toka kwa nyumba yangu leo!"

Watu wakajaa. Jirani yangu Mkongomani, Mama Furaha, akaanza kukemea mapepo. Mimi nawaza nitalala wapi.

Nikajikaza. "Ssebo, mzee wangu, hapo ndipo ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Kila mtu ana tundu hilo. Hata wewe."

"Mimi? Mimi sina tundu!"

"Basi ubongo wako haujaungana na kitu."

Jamani, kicheko! Hata Mama Furaha aliyaacha mapepo yake.

Mzee akajishika kisogo, akaondoka.

Sasa hivi amegonga mlango wangu, sauti ya chini kabisa: "Nesi, hiyo tundu... nikioga, maji inaweza kuingia?"

Nimemwambia aoge polepole. Nimekosea?