Waya Wangu na Mgomba wa Mama

Niliporudi Tukuyu na stashahada yangu ya mitandao ya kompyuta, niliyoisomea kwa jasho langu bila msaada wa mjomba yeyote, nilimwambia bosi wangu wa Dar es Salaam kwamba kazi nitaifanyia nyumbani.

"Huko kwenye migomba?" akacheka. Tukakubaliana nifanye kikao kimoja cha video na mteja mkubwa. Kikikatika, narudi mjini au naacha kazi.

Asubuhi ya kikao, intaneti ikaanza kutambaa. Picha moja ilifunguka kipande kwa kipande, kama pazia linaloshushwa na mtu mvivu.

Nikawapigia waliotuuzia huduma. "Zima kifaa kaka, kisha uwashe," akaniambia dada wa huko. Mimi, mwenye stashahada. Jirani mwenye duka akaegemea ukuta wangu, akasema ni ukungu.

"Ukishuka ule wa mlimani, hata vocha hazitaki kuingia."

Waya wa shaba uliovikwa plastiki, ati uogope ukungu. Watu wa hapa kila kitu wanaisingizia hali ya hewa, na kwa kuwa hapa mvua haikauki, hakuna aliyewahi kuwa na kosa.

Nikaichomeka kompyuta moja kwa moja kwenye ruta, sebuleni. Kasi yote ikarudi. Basi mgonjwa alikuwa waya, ule niliouvuta mwenyewe kutoka sebuleni, juu ya migomba, hadi ofisi yangu ya uani. Nikaufuata kwa mkono.

Katikati ya migomba nikaukuta umezungushwa kwenye mgomba ulioinama kwa mkungu, ukavutwa, ukapigwa fundo la kufungia ndama. Ganda lilikuwa limepasuka na baadhi ya nyuzi za ndani zimekatika. Huku kwetu mgomba ukielemewa hufungwa kamba usianguke. Mama alikosa kamba.

"Niliuona unaning'inia tu, baba," akasema. "Nikajua hauna kazi."

"Mama, hii ndiyo ofisi yangu."

"Na huo ndio mkungu wangu. Ukifungua, utalala."

Sikuwa na muda wa kubishana na mtu asiyejua waya na kamba vinatofautianaje. Nikaukata waya. Mgomba ukalala taratibu, mkungu ukapiga udongo, ndizi bado changa.

"Ndaga," akasema Mama. Kwetu hiyo ni asante, ila haikusikika hivyo.

Nikaondoa kipande kibovu, nikabana kichwa kipya cha kuchomekea. Waya sasa ukawa mfupi, haukufika uani. Ilibidi kikao nikifanyie sebuleni, tai shingoni, na Mama pembeni akimenya zile ndizi bila kuniangalia.

Hakikukatika hata mara moja. Mwishoni bosi akauliza, "Hiyo kwaru kwaru nyuma yako ni nini?"

"Ni mgomba aliouangusha huyu," Mama akajibu kabla yangu. "Mwambie aje ale."

Kazi ninayo mpaka leo. Waya mpya nimeuzika ardhini, na juu yake Mama ameshapanda maharage.