Turubai Nililoliacha Wazi Kasenga

Mimi ni mwongo. Andikeni hivyo hivyo gazetini mwenu, msilainishe. Shemeji yangu ana jicho moja leo kwa sababu yangu, na miaka miwili mizima nimewaacha watu waseme ni uzembe wake. Jina langu msiniulize. Nikilitaja mtamjua na yeye, na ameaibishwa vya kutosha. Nitamwita Kalenga.

Nilikuwa dereva wa mzungu mmoja wa Makomeno, hapa Élisabethville. Bwana yule alikuwa na lori lililojengewa nyumba mgongoni: vitanda, meza, hata kabati la vyombo. Ubavuni palikuwa na turubai pana la kijani. Mkifika kambini mnalikunjua, mnalisimamisha kwa vyuma viwili, mnafunga kamba kwenye vigingi, Madamu anapata baraza lake.

Kulilinda na upepo ilikuwa kazi yangu. Bwana alinifundisha mwenyewe, mara tatu. Miti ikianza kutikisika, shusha chuma cha upande mmoja. Upepo ukizidi usishindane nao, kunja. Na usiliache kamwe likiwa wazi ukaenda zako. Nilijua yote hayo! Siwezi kusema sikujua.

Kalenga, kaka mkubwa wa mke wangu, alikuwa mpishi wa nyumba ile. Yeye ndiye aliyeniombea kazi.

Mwezi wa kumi, joto la kabla ya mvua, tulikwenda kupiga kambi Kasenga, kando ya mto. Bwana akaingia mtoni na wavuvi. Madamu akakaa chini ya turubai na kitabu chake. Kalenga alikuwa anapepea makaa kwenye jiko lake la mbabula. Akainua kichwa, akatazama ng'ambo ya mto.

"Shemeji, ona mawingu kule. Tukunje hii turubai. Ni kazi ya bantu babili, miye peke yangu sitaweza."

Mnajua nilimjibu nini?

"We angalia sufuria zako. Dereva njo mimi."

Mpumbavu mkubwa! Nilitaka kwenda sokoni kwa wauza samaki, wanione na kofia yangu ya udereva. Basi, ni hilo tu. Kofia!

Sikumaliza hata kusalimia watu. Vumbi lilitoka upande wa mto limesimama kama ukuta. Nikakimbia kurudi. Turubai lilikuwa limejaa upepo, limevimba, vigingi vinang'oka kimoja kimoja. Madamu amesimama chini yake, ameduwaa. Kalenga akamsukuma kando, akakamata chuma kwa mikono miwili. Mtu mmoja na upepo wote ule! Turubai likapaa juu ya lori, chuma kikamponyoka, kikarudi kikampiga jichoni.

Bwana alipofika, turubai lilikuwa limepasuka katikati. Kalenga yuko chini, kitambaa cha Madamu kimeloa damu usoni pake. Bwana hakuuliza habari zake. Aliuliza, "Nani aliliacha wazi?"

"Kalenga, Bwana," nikasema. "Nilimwambia tuikunje, akakataa."

Maneno yake mwenyewe! Nilikuwa nimempokonya jicho, nikampokonya na maneno.

Madamu alianza kusema kitu kwa Kifaransa. Bwana akampungia mkono, naye akanyamaza. Nina hasira na mama yule mpaka leo, maana alijua ni nani aliyemsukuma akapona. Lakini mdomo uliodanganya ulikuwa wangu.

Jicho halikupona. Bwana akamfukuza Kalenga, akaandika katika kitabu chake cha kazi kwamba ni mzembe, hasikii. Kila mlango wa wazungu aliobisha, walifungua kitabu, wakasoma, wakamrudisha. Fundi wa mapishi kama yule akaishia kupasulia watu kuni.

Na mimi? Kalenga alikuwa anakula kwangu, namwongezea bukari, ugali wetu, kwenye sahani, najiona mtu mwema!

Mwezi uliopita tulibatiza mtoto wetu, mke wangu akampa jina la kaka yake. Akasimama mbele ya wageni, akanigeukia.

"Bwana yangu, aksanti. Bengine balimutupa yaya yangu Kalenga. Weye ulimushika."

Watu wakapiga makofi. Nikatoka nje, nikaketi nyuma ya nyumba. Kalenga akanifuata na maji. Hapo nikamwambia yote, nalia kama mtoto.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua? Nani alikuambia?"

"Shemeji, siku ile jicho njo ilipasuka. Masikio ilikuwa mazima. Nilikuwa pale chini, nikakusikia."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Ningekusema, tungefukuzwa sote babili. Dada yangu na batoto bangekula nini? Lakini usinione mujinga. Kila bukari ulinipa, nilikula na hasira."

Nikaenda Makomeno, nikamwambia Bwana ukweli. Akacheka kidogo. "Mambo ya zamani. Turubai nimekwisha kununua lingine." Nikampa kitabu cha Kalenga akisahihishe, akakataa hata kukigusa. Nikaweka funguo za lori kwenye ngazi zake nikaondoka.

Mke wangu nilimwambia mwenyewe. Alichukua watoto akaenda kwa kaka yake, na mimi sina uso wa kumfuata.

Wenzangu mnaofanya kazi katika nyumba za wazungu, akija mpishi mwenye jicho moja, msikubali kinachosema kitabu chake. Uongo ulio ndani yake niliusema mimi.

Na mkiachiwa turubai, upepo ukianza, kunjeni. Mtu akikuambia kunja, kunja, hata kama kazi yake ni sufuria! Likipasuka, lipasuke, ni kitambaa tu. Ila ukiulizwa ni nani aliyeliacha wazi, jitaje. Jitaje hapo hapo, maana uliyemuumiza yuko karibu, anasikia.