Ng'ombe wa Baba Walioniolea Mke

Mwaka 1903, nikiwa na miaka kumi na miwili, tabu ilinianza siku tulipomzika baba yangu huko Ikolo. Mama alishatangulia. Kabla ya kukata roho, baba aliita majirani wakasimama mlangoni, akamwambia mdogo wake wakisikia: "Ng'ombe hawa si wako. Ni wa mwanangu, aoe nao. Wewe watunze tu."

Baba mdogo akaitika, "Ndiyo, kaka," na machozi juu.

Ng'ombe hao niliwajua. Sisi vijana wa rika moja tulijenga vibanda vyetu wenyewe, tukichunga mifugo ya baba zetu. Kulikuwa na jike mwekundu, pembe yake moja imeshuka karibu na jicho. Nilimchunga tangu ndama.

Haukupita muda baba mdogo akawahamisha. Nikiuliza, anasema wako kwa rafiki yake ng'ambo ya mto Songwe. Nikiuliza tena, wameugua. Mwishowe akasema, "Wamekufa wote, mwanangu. Kafanye kazi."

Nikafanya kazi miaka mingi! Nilibeba mizigo ya Wajerumani kupanda milimani hadi shingo ikaota sugu. Shule niliikalia wiki chache tu kwa wamisheni, nikajua herufi, basi. Lakini kwa mgongo huu huu nilinunua jembe la Wakinga, wahunzi wa milimani, nikalipeleka Ipinda kwa baba wa binti mmoja niliyempenda. Akalipokea. Uchumba ukawa umefungwa, ng'ombe wangefuata. Wangetoka wapi, sikujua.

Siku moja nikiwa nalima mpunga wa watu, rafiki yangu akaja mbio, anahema.

"Wewe unalima, mchumba wako anaolewa leo!"

"Na nani?"

"Na baba yako mdogo!"

Niliacha jembe pale pale kwenye tope. Lakini sikukimbilia Ipinda moja kwa moja, sikuwa mjinga. Nilipita kwanza kwa wale majirani waliosimama mlangoni kwa baba. Wazee wale walishika fimbo zao, tukaondoka pamoja, nami nawaambia, "Harakisheni, akina tata, baba zangu, harakisheni!"

Tukafika. Uani, chini ya migomba, wamefungwa ng'ombe wa mahari. Wa kwanza kumwona ni yule mwekundu mwenye pembe iliyoshuka! Moyo ukaruka. Nikamwita kwa jina lake la machungani, akainua kichwa akalia.

"Huyu ni wa baba yangu!" nikapaza sauti.

Baba mdogo akacheka. "Ng'ombe wekundu ni wengi. Wa baba yako walikufa."

Mzee mmoja akamsogelea. Kwetu, aliyekabidhiwa ng'ombe wa mtu, ng'ombe akifa humletea mwenyewe ngozi na nyama. "Ngozi ulimpelekea nani?" mzee akauliza.

"Zilioza."

"Zote?"

"Zote."

"Na miguu ya nyama nayo ilioza, au iliozea tumboni mwako?"

Watu wakacheka. Baba mdogo akakasirika, akamgeukia baba wa binti. "Mimi nimeleta ng'ombe, huyu ameleta jembe. Mwite mke wangu tuondoke!"

Binti akaitwa. Akatoka ndani, akamwona baba mdogo, na papo hapo akajifunika uso kwa nguo, akachuchumaa nyuma ya mgomba, akimpa mgongo. Hivyo ndivyo mwanamke wa kwetu anavyomkwepa baba wa mume wake, mkubwa au mdogo, tangu siku ya uchumba.

"Inuka! Mimi ni mume wako!"

Shangazi wa binti ndiye aliyejibu: "Hawezi kukutazama, tata. Wewe ni mkwe wake. Unataka alaaniwe?"

Vigelegele! Yule mzee akagonga fimbo chini. "Sasa chagua. Kama wewe ni mkwe, ng'ombe hawa umemlipia mwanao mahari, tunakushukuru. Kama si mkwe, wewe ni mwizi, twende kwa malafyale, mtawala wetu, sasa hivi."

Baba mdogo alitazama wazee, akatazama ng'ombe. "Nimemlipia mwanangu," akasema, sauti imekwisha.

"Ndaga fijo, tata!" nikampigia makofi ya heshima, nikiruka ruka kama ndama. Asante hiyo kubwa ilimuuma kuliko tusi. Siku ya pili wazee waliongozana naye ng'ambo ya Songwe, ng'ombe waliobaki wakakabidhiwa kwangu mbele ya mashahidi.

Nawaambia vijana wazi: aliyeshikiwa mali ana haki ya kuiona. Akizungushwa, asinung'unike jikoni. Awatafute waliosikia maneno ya marehemu, aende nao mchana kweupe. Kama nisingekwenda na wazee, ningepigwa fimbo na kufukuzwa.

Tulioana mwaka ule ule. Leo nina ng'ombe kumi na tisa, mashamba mawili ya mpunga Ipinda, migomba, nyumba ya matofali yenye bati, mtumbwi mmoja, baiskeli na cherehani.